Begi Moja la Kwenda Kisumu

Tangu siku Salha alipompigia simu kumwambia ana mimba, Mwanasaumu binti Mwidani alianza kulijaza sanduku. Lilikuwa sanduku la bati ambalo Salha alikwenda nalo shule ya bweni, na lilikaa chini ya dirisha katika chumba cha mamake huko Mtongwe, Likoni. Kila alichokipata alikitia humo: kanga mpya, pilipili manga, tangawizi kavu, udi wa kufukiza, liwa la kupaka mwilini, chupa za mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, vikofia na soksi alizozifuma akiwa amekaa barazani.

Kulea wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwanamke akijifungua Mtongwe, au hata ng'ambo ya barabara kuu huko Shika Adabu, aliitwa Mwanasaumu. Alikuja asubuhi, akamkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akampikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto na kumnyoosha viungo, na hivyo ndivyo alivyofanya mpaka arobaini ikatimia. Nyumba alizoingia hakuzijua idadi. Wasichana aliowaogesha wakiwa wachanga sasa walimwita aje awaogeshee watoto wao.

Ndiyo maana Salha, mtoto wake wa pekee, alipoolewa na Abdulghani na kuhamia Kisumu, ambako mumewe ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, Mwanasaumu hakulia sana siku ya kuagana. Alijua iko siku ataitwa. Siku hiyo atapanda basi na sanduku lake, akae huko arobaini nzima.

Basi ikaja simu. Alikuwa nyumbani kwa Mweri, mzazi wa jirani ambaye arobaini yake ilikuwa bado, mikono imejaa mafuta. Akaiona namba ya mkwewe, akaibonyeza kwa kiwiko.

"Mama," Abdulghani alisema, "Salha amejifungua."

Mwanasaumu aliifuta mikono kwa kanga. Alikuwa ameihesabu miezi na haikuwa imetimia. "Mbona mapema hivyo?"

"Presha ilimpanda jana, madaktari wakaamua kumpasua. Salha yuko macho, ila hana nguvu. Mtoto ni wa kike. Mdogo, mama. Mdogo sana."

"Alilia?"

"Alilia kidogo."

Mwanasaumu akaegemea ukuta. Abdulghani alikuwa bado anasema: amemkatia tikiti ya ndege, kesho asubuhi, maana basi litachukua muda mrefu na Salha anamtaka mamake. Lakini tikiti yenyewe ni ya begi la mkononi peke yake, begi moja, lisizidi kilo saba. "Usichukue kitu kingine, mama. Watakusumbua pale uwanjani."

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. Akamalizia kumkanda Mweri, kwa sababu hakuweza kumwacha mtu nusu, akanawa, akarudi kwake akitembea polepole kama mtu aliyesahau njia.

*

Kabla ya adhuhuri chumba chake kilikuwa hakina pa kukanyaga. Alikuwa na begi la magurudumu aliloachiwa na marehemu mumewe, Mwinyihaji. Alilijaza mpaka zipu ikagoma, akaipandisha kwa goti, kisha akalikokota hadi dukani kupimwa kwenye mizani ya mchele. Mwenye duka akaangalia mshale, akamwangalia yeye.

"Bibi, hapa umebeba mtu?"

Lilikuwa limezidi karibu mara mbili. Alilikokota tena mpaka nyumbani, akatoa kanga mbili, akalirudisha dukani. Mshale ulitikisika kidogo tu. Mara ya tatu mwenye duka alimletea kiti.

Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vitu vyake aliposikia hodi. Sauti aliijua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu bila kuinuka. "Karibu, Ummi."

Ummi alikuwa mke mwenzake. Mwinyihaji alimwoa Ummi wakati Salha alikuwa bado anatambaa, akamweka Kisauni, na kwa miaka yote hiyo wake hao wawili waligawana mume na bahari ya katikati. Hawakuwahi kugombana hadharani. Walisalimiana arusini, wakakaa mikeka tofauti matangani. Ummi hakujaliwa mtoto, lakini Salha alikuwa akienda kwake likizo na kurudi na nguo mpya na maneno mapya, na Mwanasaumu alikuwa akizifua nguo hizo kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Baadaye Ummi alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, akawa mtu wa kwenda na kurudi. Mwinyihaji alipofariki hapakubaki tena sababu ya wao kuonana.

"Nani alikwambia?" Mwanasaumu aliuliza.

"Salha mwenyewe. Alinipigia kwa simu ya nesi. Aliniambia, 'Nenda kwa mama, hajawahi kupanda ndege, atabeba nyumba nzima.'" Ummi alitazama sakafu, akatazama sanduku lililo wazi, akatazama begi lililotuna. "Naona alikuwa anakujua."

Mwanasaumu alitaka kukasirika, lakini kichwa kilikuwa kizito. Alisogeza kanga, akampisha mahali pa kukaa.

Ummi hakukaa. Alivua buibui, akalitundika nyuma ya mlango, akalifungua begi na kulimwaga lote kitandani. Kisha akalinyanyua tupu kwa mkono mmoja.

"Hili lenyewe limeshakula karibu nusu ya kilo zako. Vyuma na magurudumu. Huna begi la kitambaa?"

"Ninalo la kwendea sokoni."

"Hilohilo."

Wakaanza. Ummi alishika kitu kimojakimoja, na kila kimoja alikiulizia swali lilelile: kule hakipatikani? Pilipili manga inapatikana, ikawekwa kando. Tangawizi, hivyohivyo. Kilo mbili za mchele wa mpunga wa Msambweni, kando, ingawa Mwanasaumu aliapa mchele wa huko hauna harufu. Udi ulipita, kwa sababu ni mwepesi, na kwa sababu Kisumu mtu angeutafuta mpaka achoke. Liwa lilipita. Kisha Ummi akashika kitu kilichofungwa kwa leso kuukuu, mkono ukashuka nacho.

"Nini hii?"

"Jiwe langu."

"Dada!"

"La kukandia. Nalitia motoni, nalifunga kitambaa, namwekea mzazi kiunoni. Lilikuwa la mama yangu."

"Wallahi, unabeba jiwe kupeleka Kisumu? Kisumu imejengwa juu ya mawe!"

Mwanasaumu alijizuia, kisha kicheko kikamtoka puani, na Ummi naye akacheka, wakacheka wote wawili mpaka jirani akachungulia dirishani. Hawakuwa wamewahi kucheka pamoja. Kicheko kilipoisha hawakujua watazame wapi, wakarudi kazini.

Ummi alimfundisha kuzikunja nguo kwa kuziviringisha kama jamvi, zikakaa zimebanana pembeni mwa begi. Soksi za mtoto zikaingia ndani ya viatu. Mafuta ya nazi yakahamishwa kutoka chupa kubwa hadi vichupa vya marashi vilivyooshwa, kwa kuwa pale uwanjani, Ummi alisema, hawaruhusu maji maji mengi, na vichupa vyote vikae ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Dawa zake mwenyewe za presha na chaja ya simu vikawekwa kwenye kipochi cha begani, visije vikatafutwa. Nguo nzito hazikuingia kabisa.

"Hizo utazivaa," Ummi alisema. "Dera mbili, sweta juu, kisha buibui. Mwilini hawakupimi."

"Nitakufa kwa joto."

"Utakufa kwa joto mpaka mlangoni mwa ndege tu. Ndani kuna baridi ya kukatia nyama."

Walikuwa wamebakiwa na kitu kidogo. Ummi alitia mkono chini ya rundo la vilivyobaki akatoa kitambaa cheupe, bafta mpya, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Hakikuwa kirefu. Alikifungua mkunjo mmoja akidhani ni nepi, kisha akasita.

"Na hii ni ya nini, dada?"

Mwanasaumu aliokota kanga. Akaiviringisha, akaikunjua, akaiviringisha tena.

"Dada Mwanasaumu."

"Kule simjui mtu," alisema mwishowe, akiitazama kanga. "Nikifika nikakuta... nitaanza kumuuliza nani duka la bafta liko wapi? Nitamwacha Salha kitandani niende nikatafute sanda?"

Ummi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuwa na mwengine kabla ya Salha," Mwanasaumu aliendelea. "Wewe hukuwako bado. Alikuja mwezi wa saba, hivihivi. Alilia kidogo, hivihivi. Mwinyihaji alikuwa safarini Lamu. Niliwatuma watu wakanunue kitambaa, na hawakurudi mpaka alasiri, na muda wote huo alikuwa amelala juu ya kanga yangu iliyochakaa. Ile kanga ilikuwa na tundu. Nawalea watoto wa watu mwaka baada ya mwaka, Ummi, na nikishika mtoto yeyote naliona lile tundu."

Nje muuza maji alipita na mkokoteni wake. Ummi alikuwa na kitambaa mapajani na hakujua akifanye nini. Mwinyihaji hakuwahi kumwambia habari hiyo. Aliwaza, labda hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Kisumu wako Waislamu wengi," alisema polepole. "Msikiti upo na maduka yapo, na Abdulghani ana watu wake. Likitokea la kutokea, hutakuwa peke yako. Lakini mtoto yu hai, dada. Asubuhi hii yu hai. Usimbebee hii."

Mwanasaumu alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Ummi hakungoja. Alikifunga kitambaa kwa uzi wake, akakitia katika mkoba wake mwenyewe. Mwanasaumu alimwona akifanya hivyo, na akamwacha.

Walipolipeleka begi dukani mshale ulisimama chini kidogo ya saba. Mwenye duka akapiga makofi.

*

Asubuhi Ummi, aliyelala hapohapo kwenye mkeka, alikodi gari la jirani, wakapita barabara ya Dongo Kundu ili wasiitegemee feri ya Likoni. Uwanjani Ummi hakuruhusiwa kupita mlango wa abiria, akabaki nje akimwelekeza kwa mkono kupitia kioo.

Mwanasaumu alitembea akiwa mnene kuliko siku zote, jasho likimtiririka mgongoni. Begi likapita kwenye mizani, likapita kwenye mashine. Askari wa kike alivitoa vichupa vya mafuta akavinusa kimoja baada ya kingine.

"Ni vya nini, mama?"

"Binti yangu amejifungua. Ni vya kumkanda."

Askari alivirudisha, akaifunga zipu mwenyewe. "Mwambie hongera," alisema, na Mwanasaumu akaogopa kulijibu neno hilo.

Ndani ya ndege alifumba macho tangu ilipoondoka mpaka ilipotua, akisoma kila dua aliyoijua. Ummi alikuwa amesema kweli kuhusu baridi.

Abdulghani alimpokea akiwa na macho mekundu, akamchukua moja kwa moja hospitalini. Salha alikuwa amelala ubavu, uso umevimba, midomo mikavu. Alipomwona mamake akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mdogo. Mwanasaumu alimshika miguu. Alitaka kumkanda papo hapo, lakini pale alipotaka kuanzia palikuwa na mshono, basi akabaki kumshika miguu tu.

"Umemwona, mama?"

"Bado."

"Nenda. Mimi homa inanipanda, wamenizuia kumshika leo. Nenda wewe."

Chumba cha watoto wachanga kilikuwa na joto kama jiko. Nesi aliyekuwa zamu aliitwa Velma, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimwonyesha kisanduku cha kioo, na ndani yake kitu chekundu kilichokuwa kikipumua kwa haraka, mkono wake ukiwa mwembamba kama kidole cha mtu mzima. Vikofia vyote alivyovifuma vingemfunika mpaka kiunoni.

Mwanasaumu, aliyeshika watoto wengi kuliko nesi yeyote mle ndani, alirudi nyuma hatua.

"Sijawahi," alisema. "Mimi nawashika waliokomaa. Huyu sijui anashikwaje."

"Hakuna anayejua mara ya kwanza," Velma alisema. "Mama yake ana homa, na baba ameenda kutafuta dawa. Mtoto anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, ndiyo apate joto na apumue vizuri. Nyanya anafaa kabisa. Nitakuonyesha. Kaa kwenye kiti hiki, toa nguo za juu, nitavuta pazia."

Mwanasaumu akatoa buibui. Akatoa sweta. Akatoa dera ya kwanza, na Velma, aliyekuwa akimngoja, akaona chini yake dera nyingine.

"Mama, umevaa duka?"

"Ni mambo ya kilo saba," Mwanasaumu alisema kwa aibu, na nesi akacheka mpaka akashika meza.

Kisha Velma akamwinua mtoto pamoja na mipira yake ya kupumulia, akamlaza kati ya matiti ya bibi yake, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu likielekea upande, akawafunga wote wawili kwa kanga. Mwanasaumu alizuia pumzi.

"Pumua," Velma alisema. "Akisikia unapumua, naye atakumbuka kupumua."

Akapumua. Kitu kile kilikuwa chepesi kuliko begi la soko likiwa tupu, lakini alihisi moyo wa mtoto, kasi na ukaidi wake, ukigonga juu ya mfupa wa kifua. Alikaa vile mpaka mgongo ukafa ganzi. Velma alipokuja kuuliza kama amechoka, alisema hapana.

*

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri zote. Kuna siku mtoto alisahau kupumua, mashine ikalia, na Mwanasaumu akasimama ukutani huku manesi na madaktari wakikimbia. Kuna siku Salha alikataa kula na kusema ni yeye aliyemtoa mtoto kabla ya wakati. Mwanasaumu alimwambia basi habari ya yule wa kwanza, ambaye Salha hakuwahi kusikia kama alikuwako. Hakulificha tundu la kanga. Salha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba uji. Pilipili manga ilitoka soko la Kibuye, na ilikuwa kali vizuri tu.

Homa ya Salha iliposhuka, wakawa wanapokezana kifuani, mama na binti, na Abdulghani akitoka kazini naye akavua shati. Ummi alipiga simu kila jioni. Mwanzoni aliuliza habari za mtoto na kukata. Halafu akawa anauliza Mwanasaumu amekula nini, na Mwanasaumu akawa anamwambia mambo ambayo hakuwaambia wengine: kwamba bado anaogopa kumshika mtoto, kwamba kuna usiku alitamani kukimbia arudi Mtongwe.

Mtoto alipotimiza uzito ambao madaktari waliutaka, Ummi akauliza, "Nikutumie lile sanduku kwa basi?"

Mwanasaumu alifikiri. "Vilivyomo mpelekee Mweri, nilimwacha arobaini yake bado. Kisha njoo wewe. Nimechoka, Ummi, na mtoto anatoka keshokutwa. Nataka mtu wa kunisaidia."

"Nitafikia wapi?" Ummi aliuliza.

"Chumba nilichopo mimi. Kitanda ni kikubwa."

Alikuja. Siku mtoto alipoletwa nyumbani walikuwa wawili mlangoni kumpokea, na ilipofika wakati wa kumwogesha walikuwa wawili juu ya beseni moja. Salha alilala kochini akiwatazama.

"Maji ni moto," Ummi alisema.

"Si moto. Nimeyatia kiwiko."

"Kiwiko chako kimezoea moto, dada. Huyu ni mdogo."

"Nani aliyeogesha watoto hapa, mimi au wewe?"

"Wewe. Lakini shingo nimeshika mimi, na sishushi mpaka uongeze baridi."

Mwanasaumu alisonya, akachukua kikombe, akaongeza maji ya baridi. Akaingiza kiwiko tena, akaongeza mengine kidogo. Wakamshusha pamoja, na mtoto alipoguswa na maji akafungua mdomo akalia, kilio kirefu, kikali, kilichovuka ukuta mpaka kwa majirani. Salha alijaribu kuketi apate kuona, mkono ukiwa juu ya mshono wake, akicheka na kuumia.

"Mwacheni alie," alisema. "Mwacheni."